Vipimo kwenye AutoCAD vinanichanganya, naomba ushauri

Habari wakuu, naombeni msaada kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani. Nimechora ramani ya nyumba kwa milimita, saizi halisi, alafu kwenye leiauti (ukurasa wa kuprintia) nina madirisha mawili ya kuonyesha mchoro (viewport), plani nzima skeli 1:100 na ditelu ya ngazi 1:20. DIMSCALE (seting ya kukuza saizi ya maandishi ya vipimo) nimeweka 100, namba za vipimo kwenye plani zinatoka safi 2.5 mm ila kwenye ngazi zinakuwa 12.5 mm, zinafunika mistari yote. Nikishusha iwe 20 ngazi inakaa sawa ila plani ndo haisomeki kabisa. Nimejaribu kuweka vipimo kwenye leiauti yenyewe, nikisogeza mchoro ndani ya dirisha vinabaki vilipokuwa, yaani naanza upya.

Sasa nitumie staili ya annotative (maandishi yanajirekebisha saizi kufuata skeli ya dirisha) au nitenganishe vipimo kwenye leya (tabaka za mchoro) mbili, kila dirisha nifiche moja? Na DIMASSOC (seting ya kuunganisha vipimo na mchoro) inatakiwa iwe ngapi ili vipimo vifuate mchoro?