Naomba ushauri: niwafundisheje vijana kuhusu vyanzo vya Torati?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naongoza darasa la Biblia la vijana kanisani na tumefika kwenye gharika. Kijana mmoja kaniuliza: mbona Mwanzo 6:19 Nuhu anaambiwa aingize wanyama wawili wawili, halafu 7:2 wale walio safi ni saba saba? Na mvua ya siku 40 inapatanaje na maji ya siku 150? Ni swali zuri, sitaki kumjibu kwa kumkemea.

Nimesoma kwamba mwaka 1753 tabibu Mfaransa, Jean Astruc, alipendekeza kuwa Musa alitumia maandishi ya zamani zaidi. Karne moja na zaidi baadaye, Mjerumani Julius Wellhausen akatetea kwamba Torati ina vyanzo vinne: J (kinachomwita Mungu Yahweh), E (kinachomwita Elohim), D (cha Kumbukumbu la Torati) na P, na kile cha makuhani, yaani P, akakiweka mwisho. Hapo ndipo panaponitatiza, maana wataalamu wa Biblia kama Umberto Cassuto walimpinga, na siku hizi wengi wanatilia shaka hata kuwepo kwa E.

Binafsi naona masimulizi mawili ya gharika, la J na la P, kuunganishwa hakuondoi uvuvio wa Maandiko. Ila najua wapo wazazi watakaosikia tu "Musa hakuandika", wawatoe watoto darasani.

Mliosoma theolojia na mnaofundisha, mngeanzia wapi? Niwape vijana sura ya 6 hadi 9 watenganishe masimulizi wenyewe kwa kalamu za rangi, au nizungumze kwanza na mchungaji na wazazi? Aliyewahi kufundisha hivi, vijana walipokeaje?