Viroba viliondoka 2017. Je, sasa tuguse bei ya pombe kali?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta hili tulijadili bila matusi.

Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, ni marufuku Tanzania. Niliunga mkono na bado naunga mkono. Waliokuwa vijiwe vya bodaboda miaka ile wanakumbuka: saa moja asubuhi kijana anachana kona ya kifuko kwa meno, anamimina chote mdomoni, ganda anatupa mtaroni, anapakia abiria. Kiroba cha mililita 100 chenye kilevi cha asilimia 40 kinalewesha kuliko bia ya nusu lita, na kilikuwa rahisi kuliko bia. Wanafunzi walivificha kwenye soksi.

Lakini tulichokataza ni kifuko. Pombe kali ikarudi kwenye vichupa, vimepangwa duka la mtaani pembeni ya biskuti na sabuni, na muuza duka haulizi umri.

Hoja yangu: tuguse bei. Kodi ihesabiwe kwa kiasi cha kilevi kilichomo, ili pombe kali ya bei chee isiwe njia nyepesi kuliko zote ya kulewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria pombe iliua watu milioni 2.6 mwaka 2019, na kodi ni kati ya hatua za mwanzo linazopendekeza. Scotland, Mei 2018, waliweka kisheria kiwango ambacho bei ya pombe hairuhusiwi kushuka chini yake. Tathmini ya 2023 ikakadiria kwamba vifo vinavyotokana na pombe pekee vilipungua kwa asilimia 13 hivi.

Na madhara si ajali na ini tu. Tangu 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika hilo wameiweka pombe kwenye kundi la visababishi vilivyothibitishwa. Inahusika na saratani ya umio, ile inayomfanya mtu ashindwe kumeza hata uji, na inahusika pia na ya titi. Dada zetu wanaokunywa "kistaarabu" wikiendi, nani amewaambia hilo la titi?

Karibuni.

Mchangiaji, Moshi

Mkuu, nakuheshimu, lakini Scotland hawana gongo, pombe kali inayopikwa kienyeji. Sisi tunayo, imekatazwa kwa sheria tangu 1966, na inapikwa hadi leo. Polisi wanakuja, wanamwaga, wanakamata mama mmoja, kesho yake moto unawaka bondeni. Ukipandisha bei ya kichupa, yule kijana wako wa bodaboda haendi kunywa chai. Anashuka bondeni.

Halafu msituchanganye na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mama yangu ametusomesha kwa mbege. Ndizi zinaiva, zinachemshwa, zinakaa siku kadhaa, ndipo unatia uji wa kimea cha ulezi na gome la mti wa msesewe. Watu wanaizunguka na kata, wanaongea mambo ya ukoo. Walevi wapo, sikatai. Ila kodi ikija, mgambo ataanza na mama yangu, hataanza na kiwanda.

Mchangiaji, Nakuru

Jameni majirani, tulipitia hayo. Sheria ya pombe ya Kenya ya 2010, tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na chang'aa, ndiyo gongo ya huku kwetu, ikahalalishwa ili itengenezwe kwa leseni. Mei 2014 methanoli, alkoholi ya viwandani yenye sumu, ilitiwa kwenye pombe ikaua watu zaidi ya 80. Februari 2024 tukazika wengine Kangai, Kirinyaga. Mtu anakunywa jioni, usiku anauliza kwa nini stima zimezimwa, kumbe macho ndiyo yamekwenda. Leseni ilikuwepo, masaa yalikuwepo. Mkaguzi ndiye hakuwepo, au alikuwepo na akapewa bahasha. Kabla ya kubishania kodi, semeni nani atafuata methanoli tangu inaposhushwa bandarini.

Mleta mada

Wa Nakuru, nakubali: kila pipa la methanoli liwe na mnunuzi anayejulikana na matumizi yanayojulikana.

Wa Moshi, kodi ninayoisema ni ya pombe kali ya viwandani. Viwanda vinahesabika, mita inafungwa pale pale kinywaji kinapotoka. Mbege isiguswe. La gongo ni zito na sina jibu rahisi, ila kijana anayekunywa kwa sababu kichupa kipo mbele ya macho yake, akisubiri abiria, si lazima awe tayari kushuka bondeni. Huyo ndiye ninayetaka kumwokoa kwanza.

Na fedha ya kodi hiyo isipotelee kwenye mfuko mkuu wa serikali. Mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla anatetemeka, anaona vitu visivyokuwepo, anaweza kupata degedege na kufa. Ndugu wanasema amerogwa, wanampeleka kwenye maombi. Anatakiwa kitanda, dawa na muuguzi anayejua hali hiyo, kwenye hospitali ya wilaya. Walio kwenye hospitali za wilaya humu, kwenu huduma hiyo ipo? Mgonjwa wa namna hiyo akija usiku mnamfanyia nini?