Basi limepeleka mahari, watoto wamebaki getini na vinubi vyao vya adungu!!

MamaBesi: Wanajukwaa, vidole vinatetemeka kwa hasira, nitaandika nilivyo.

Jina sitaji. Mnamjua. Yule bwana mkubwa wa shule yetu ya serikali pale kilimani, ambaye tumbo huingia ofisini kabla yake, na funguo za kiunoni humlia kama kengele za ng'ombe. Huyo huyo.

Leo ilikuwa tamasha la muziki, ngoma na maigizo la kanda, kule Arua, hapa kwetu Uganda. Watoto wamesimama getini tangu alfajiri, sare za ngoma mwilini, miguuni njuga. Saa moja unusu basi likatoka. Wakapiga vigelegele, wakabeba vyombo. Basi halikusimama! Ndani mashangazi na magauni yao ya gomesi, viti vya plastiki hadi dirishani, mbuzi wawili, kreti za soda. Kumbe mpwa wake anapeleka mahari. Na yeye mwenyewe kaketi mbele kando ya dereva, shati limepigwa pasi.

AKAWAPIGIA HONI WATOTO. WAMPISHE.

Yaani si dereva. Yeye. Alinyoosha mkono wake, akavuka mbele ya dereva, akabonyeza. Wakongo walisikia ng'ambo ya mpaka. Watoto wakaruka mtaroni na vyombo vyao.

Mwanangu anapiga adungu kubwa, ile ya besi. Asiyeijua na aijue leo: gogo limechongwa likawa sanduku, likawambwa ngozi ya ng'ombe, shingo imepinda kwenda juu, nyuzi zimefungwa kwenye vigingi. Mpigaji huketi nyuma yake, haonekani ila kichwa. Haipandi boda boda. Tulijaribu leo leo, ikamgonga dereva kisogoni akatushusha. Teksi nazo zilitaka nilipie abiria watatu, na kwaya nzima ingehitaji teksi tatu. Nani anazo?

Basi lile ni letu. Tangu 2007 tunaambiwa elimu ya sekondari ya serikali ni bure, lakini michango ya shule hiyo ina majina mengi kuliko watakatifu. Pesa ya basi, kila muhula. Pesa ya michezo na ngoma, kila muhula. Mchango wa sare za ngoma, nimetoa elfu kumi na tano juzi. Nimelipa tairi la lile basi! Kisha linanipigia honi!

Na msiniletee hadithi ya masomo kwanza. Mtaala mpya ulioanza 2020 umetaka darasa liishe mapema alasiri ili watoto wapate muda wa vilabu, michezo na kazi za mikono. Sanaa za maonyesho ni somo la kuchagua, limo ndani ya mtaala. Yeye anawafungia darasani hadi jioni, halafu mstarini anasema ngoma haikai kwenye cheti. Mahari ya mpwa inakaa kwenye cheti cha nani?

Walifanya mazoezi chini ya mwembe muhula mzima, mwalimu wa muziki akinunua nyuzi kwa pesa yake. Sasa hivi mwanangu amelala kitandani na njuga zake miguuni, hataki kuzivua. Alipigiwa honi.

Binti_Mpakani: Banange. Honi moja au mbili?

MamaBesi: Mbili. Ya pili ndefu.

Binti_Mpakani: Basi ile ya pili ndiyo dhambi yenyewe.

Mzee_wa_Sokoni: Basi hilo nililiona Jumamosi ya juzi linashusha mihogo kwangu sokoni. Nikamuuliza dereva, akasema ni ziara ya klabu ya kilimo. Mwanafunzi hata mmoja hakuwemo.

DerevaMstaafu: Mama, kabla hujatumaliza na honi yako: dereva asiyepiga honi akiona watoto barabarani ndiye mwenye kosa. Nimeendesha mabasi miaka mingi, ndiyo kazi yake.

MamaBesi: Mzee wangu, heshima yako, lakini hawakuwa barabarani, walikuwa getini wanalisubiri hilo hilo basi! Na si dereva aliyepiga! Soma!

DerevaMstaafu: Nimesoma. Tena mwaka jana nilikuwepo kwenye tamasha. Ile besi yenu ilikuwa imelegea nyuzi, majaji wakatazamana. Labda bwana yule ameiepusha wilaya na aibu.

MamaBesi: Nyuzi zililegea kwa sababu walisafirishwa juani juu ya lori la kuni! Ngozi ikipigwa na jua sauti huharibika, muulize mchongaji yeyote wa Nebbi. Na lile lori alitoa nani? Yeye!

Mzee_wa_Sokoni: Ungepeleka barua kwa bodi.

Binti_Mpakani: Bodi gani, mwenyekiti wake si alikuwa kiti cha pili mle basini? Shangazi yangu kamwona, kashika mbuzi.

Kocha_Pekupeku: Nyinyi wa ngoma mna sare, mna njuga, na bado mnalia. Vijana wangu wa mpira wa miguu wanacheza na soksi. Pesa ya michezo yote hununua mamluki, wachezaji watatu wa kukodi kutoka Kampala, wanalala bwenini, wanapewa nyama, mtihani hawafanyi. Na bado tulifungwa nne.

Mama_Netiboli: Nne ni nyingi au chache kwa timu yako, kocha? Sisi wasichana uwanja una mlingoti mmoja tu, tunafunga upande mmoja kisha tunageuka. Na hii ni nchi ambayo She Cranes, timu yetu ya taifa ya netiboli, walishika nafasi ya tano Kombe la Dunia 2023 kule Cape Town! Ya tano duniani! Shule haina mlingoti wa pili!

Kocha_Pekupeku: Mlingoti wa pili mliung'oa wenyewe mkaanikia nguo.

Mama_Netiboli: Uongo! Uling'olewa ukawekwa bendera siku mgeni rasmi alipokuja.

Mbio_za_Alfajiri: Angalau mna uwanja. Sisi wa riadha njia yetu ya mbio imelimwa mahindi. Peruth Chemutai alileta dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo katika kuruka viunzi na maji, kwetu msichana akitaka kuruka anaruka matuta. Mahindi yenyewe ni ya nani? Mnamjua.

Mzee_wa_Sokoni: Ya walimu wote, waligawana mistari.

Mbio_za_Alfajiri: Mistari sita ni yake peke yake, na samadi anabebeshwa mwanafunzi kwa adhabu.

DerevaMstaafu: Akii-Bua wetu wa kuruka viunzi alichukua dhahabu Munich 1972 bila kulialia njia ya mbio. Watoto wa siku hizi mnataka kila kitu.

Mbio_za_Alfajiri: Mzee, Akii-Bua alikuwa polisi, alikuwa na kocha na uwanja! Usimtumie kutufunika!

MamaBesi: Jamani turudi kwenye honi.

Kocha_Pekupeku: Hayo mahindi yameiva? Nauliza kwa sababu mipira ilipotelea humo, miwili.

Mama_Netiboli: Mmoja ni wetu. Wa netiboli. Mliuchukua mkaupiga mateke.

Kocha_Pekupeku: Tuliukuta uwanjani bila upepo, sisi ndio tuliujaza.

Mama_Netiboli: Mliujaza kwa pampu yangu! Uliiazima Pasaka, kocha. Iko wapi?

Kocha_Pekupeku: Iko kwa mwalimu wa voliboli.

Mwalimu_Voliboli: Msinihusishe. Kwangu ilifika bila sindano.