Naomba ushauri: kipima umbali cha leza kwa shabaha ndogo za mbali

Mlenga Mbali:
Wakuu, habari za wakati huu. Napiga shabaha za bati la chuma, nyingi zina upana wa sentimita 30 hivi, kuanzia mita 600 hadi 1,000 na ushei. Siku zote nimetumia umbali ulioandikwa na waandaaji, ila sasa nataka kupiga kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, kwa hiyo nahitaji kipima umbali changu. Tatizo ni kuchagua. Boksi hili limeandikwa mita 2,000, lile 3,000. Cha rafiki yangu kimeandikwa 1,800, lakini tukikielekeza kwenye bati tunalojua liko mita 900, mara kinaleta 870, mara 940, mara hakisomi kabisa. Je, ninunue tu chenye namba kubwa zaidi? Na kuna haja ya kile kinachopiga chenyewe hesabu za risasi itashuka kiasi gani? Naomba hasa mawazo ya waliovitumia.

Jicho la Mwewe:
Namba ya kwenye boksi ni ya kitu kikubwa kinachoakisi mwanga vizuri, kama kibao cha barabarani, tena hewa ikiwa safi. Mti au mnyama hupatikana kwa nusu ya umbali huo, na mara nyingi chini ya hapo. Kwa hiyo hiyo 1,800 ya rafiki yako kwenye bati dogo lililochakaa rangi isikushangaze.

Fundi Lenzi:
Mkuu, kwa shabaha zako anza kuangalia upana wa mwale kabla ya hizo mita. Leza haiendi mbele kama uzi, inatanuka kama mwanga wa tochi kadiri inavyokwenda mbali. Kutanuka huko kunapimwa kwa miliradiani, na hesabu yake ni nyepesi: miliradiani 1 ni mita 1 ukiwa umbali wa mita 1,000.

Vifaa vingi vya kawaida vinatumia diodi (chanzo cha leza) yenye mwanga wa nanomita 905, na mwale wake huwa wa mstatili. Chukua mwale wa miliradiani 1.5 kwa 0.5. Ukifika mita 1,000 unamulika eneo la mita moja na nusu kwa nusu mita. Bati lako halijazi hata sehemu ya nane ya eneo hilo. Mwanga uliobaki unaangukia nyasi, vichaka na udongo wa nyuma, na kifaa ndicho kinachoamua mrejesho upi, yaani mwanga uliorudi kutoka kitu gani, kikuoneshe. Hizo 870 na 940 huenda ni vipimo sahihi kabisa vya vitu vingine.

Kwenye uwanja tambarare hali ni mbaya zaidi. Tuseme lenzi iko mita 2 juu ya ardhi na unalenga chini kabisa ya bati lililo mita 1,000. Kama mwale una kimo cha miliradiani 1, ukingo wake wa chini unagusa ardhi mita 800 kutoka ulipo, na ukingo wa juu unaigusa mita 1,333. Zaidi ya mita 500 za ardhi ziko ndani ya mwale mmoja! Kimo kikiwa 0.5, zinabaki kama mita 250. Ndiyo maana mimi nauliza mstatili umelala au umesimama. Tambarare unataka uliolala. Ukikuta umesimama, kigeuze kifaa kilale ubavu wakati wa kupima. Shabaha ikiwa katikati ya miti miwili, ni kinyume chake.

Kifaa ambacho karatasi yake ya vipimo haitaji kabisa kutanuka kwa mwale, mimi nakipita.

Mzee wa Mistari:
Vijana mnajisumbua. Mistari ya miliradiani kwenye darubini ya bunduki inatosha. Ukijua ukubwa wa shabaha, unapata umbali bila betri.

Bi Shabaha:
Shikamoo mzee. Kwa kitu kikubwa nakubaliana nawe, ila bati la sentimita 30 kwenye mita 1,000 linachukua miliradiani 0.3 tu. Ukilisoma 0.35, kosa ambalo jicho lolote linaweza kufanya, hesabu inakupa mita 857. Hapo umeshakosa.

Na mleta mada, ngoja nikuoneshe kwa nini mita 10 zina uzito. Kwa bunduki ya .308 yenye risasi ya uzito wa greni 175, ukikosea mita 10 kwenye umbali wa mita 500, risasi inapanda au kushuka sentimita 5 au 6 hivi. Bati bado unalipiga. Kwenye mita 1,000 risasi inateremka kwa pembe kali zaidi, na kosa lilelile linafika sentimita 20 au kuzidi. Kutoka katikati ya bati lako hadi ukingo ni sentimita 15.

Kuhusu hesabu za ndani, ni jambo la hiari. Programu ya simu au kipima upepo kama Kestrel vinafanya kazi hiyo vizuri, na leza hizi hazikusomei upepo wa njiani. Jambo moja la kuangalia ni mteremko. Vifaa vingi vinaonesha umbali wa mshazari, yaani wa moja kwa moja kutoka kwako hadi kwenye shabaha, na ule uliorekebishwa kwa pembe. Mita 800 kwa nyuzi 30 zinakuwa 693. Ukiingiza hiyo 693 kwenye programu ambayo tayari umeipa pembe, marekebisho yanafanyika mara mbili. Ipe mshazari na pembe, basi.

Mzee wa Mistari:
Marahaba binti. Kwa bati dogo hivyo nimekuelewa. Ila mistari msiiache, betri huisha.

Mlenga Mbali:
Asanteni sana, nimepata mwanga mkubwa. Fundi, nitajuaje mwale uko wapi hasa ndani ya kile kiduara cha kulengea? Na kushika kwa mkono kunatosha?

Fundi Lenzi:
Swali zuri, maana mara nyingi mwale haukai katikati kabisa ya alama. Tafuta nguzo nyembamba yenye anga tupu nyuma yake, iliyo mita mia mbili tatu. Funga kifaa kwenye stendi ya miguu mitatu, anza pembeni ya nguzo, bonyeza, sogeza kidogo, bonyeza tena. Anza kuhesabu kinapoanza kusoma, hadi kinapoacha. Hapo umepata kingo za kushoto na kulia. Kwa juu na chini, tumia ukingo wa paa. Chora kwenye karatasi na uibandike kwenye mfuko wa kifaa.

Mkono hautoshi kwa shabaha zako. Ukitikisika miliradiani 1 tu, umehamia mita nzima pembeni. Hakikisha kina tundu la skrubu ya stendi. Kiwe pia na chaguo la mrejesho wa kwanza au wa mwisho: nyasi zikiwa mbele ya bati unachukua wa mwisho, kilima kikiwa nyuma yake unachukua wa kwanza. Bati likikataa kusoma, pima jiwe au tuta lililo sambamba nalo, halafu linganisha na picha ya setilaiti.

Jicho la Mwewe:
Kiduara chenyewe pia ukitazame. Kikiwa kinene kinafunika bati lote, hujui unachopima. Maandishi meusi yanapotea jioni, mekundu yanafifia kwenye jua kali, kwa hiyo chagua yanayorekebishika mwangaza. Na ukipewa nafasi ya kukijaribu kabla ya kulipa, kijaribu saa sita mchana. Jua kali linapunguza uwezo wa leza hizi, na muuzaji akikuonesha jioni utaona mita ambazo mchana huzipati.