Mrejesho: yule aliyeuliza kuhusu patholojia

Wakuu, mimi ni yule wa MD (shahada ya udaktari) mwaka wa 4 niliyeuliza kama kusomea patholojia (fani ya kuchunguza magonjwa maabara) ndo kwenda kukaa na maiti maisha yote. Nimeenda maabara kama mlivyonishauri, aisee kumbe maiti ni sehemu ndogo tu, kazi kubwa ni biopsi, yaani kinyama kilichotolewa kwa mgonjwa ili kipimwe, kinalowekwa fomalini (dawa ya kuhifadhi) kinagandishwa kwenye nta kinakatwa vipande vyembamba, unene kama maikroni 4 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) afu kinapigwa rangi ndo unaweka kwenye darubini, na huko nje daktari wa upasuaji anakusubiri wewe useme ni kansa au sio. Mama bado anauliza sasa utamtibu nani 😂. Nishaamua, nikimaliza intanishipu ya mwaka 1 naomba MMed (masomo ya ubingwa) ya patholojia. Mwenye taarifa za ufadhili anistue.