Tupeane uzoefu: baa ya mtaa inayokurudisha kila jioni, na ile unayokunywa moja ukaondoka

Mkazi wa Sinza
Wakuu, baa niliyokuwa nakunywa hapa Sinza imeuzwa. Bosi mpya kaja na hela: ukuta mzima kapaka rangi nyeusi, viti vya plastiki kavitoa kaweka makochi, taa za bluu, TV kila kona. Wahudumu wa zamani wote kawaondoa kwa mpigo. Jana nimeingia, binti kaja, nikamwambia naomba Safari ya moto. Akaenda kaunta, akarudi: "Kaka, za moto hatuna, zote ziko kwenye friji." Baa ya uswahilini haina bia ya moto! Nikakaa hivyo hivyo. Muziki umefunguliwa mpaka mwisho, mimi na jamaa wa meza ya pili tunaongea kwa mikono. Nikamaliza ile moja nikaondoka saa mbili usiku, muda ambao zamani ndiyo kwanza naagiza nyama.

Imeniuma kweli. Pale nilikuwa najua fundi bomba anakaa wapi, mwalimu anakaa wapi, nani kafiwa, nani kapata kazi. Naomba kila mwenye baa yake ya mtaa aeleze: ni nini hasa kinaifanya iwe nzuri? Na zile zilizopooza, tatizo lake nini? Kwangu mimi jibu ni wahudumu. Ukiwaondoa wahudumu wanaojua watu, umeiua baa, hata ungeweka dhahabu kwenye kaunta.

Jogoo la Kimara
Umeongea ukweli mtupu mkuu. Ya kwetu iliuawa hivyo hivyo.

Dada wa Kaunta (mstaafu)
Huu uzi umenigusa, acha niandike. Nimefanya kazi ya baa Mwananyamala na baadaye Mbagala, nikaacha nilipofungua genge langu.

Watu wanadhani kazi ya baamedi ni kubeba chupa. Kazi kubwa ni kukumbuka. Huyu anakunywa Kilimanjaro ya baridi, glasi hataki. Yule anataka Balimi, na ikikosekana usimpe kitu kingine kabla hujamuuliza. Yule mzee wa kona akiagiza Konyagi ndogo ujue leo kuna jambo limemkera nyumbani, usimletee ndimu kwa mbwembwe, mwekee taratibu uondoke. Kuna mteja akifika ya tatu anaanza kutoa ofa meza nzima halafu kesho analia bili. Huyo nilikuwa namwinamia sikioni namuuliza, "Kaka, meza nzima au hawa wawili?" Alikuwa ananishukuru asubuhi.

Na chupa tupu tulikuwa hatuondoi mezani mpaka mteja alipe. Mkihesabu mnahesabu wote wawili, hakuna ugomvi. Siku hizi naona baa za makochi wanakimbilia kuondoa chupa ili meza ipendeze, bili ikija inatoka kaunta imechapwa, mteja hana ushahidi wowote. Hapo ndipo imani inapovunjika.

Lakini mabosi nao. Chupa ikipotea unakatwa wewe. Mteja akitoroka na bili unakatwa wewe. Mshahara wenyewe unalipwa nusunusu. Halafu unataka binti huyo huyo acheke na mteja saa sita ya usiku? Ukiona baa wahudumu wanabadilika kila mwezi, usihangaike kuuliza kwa nini imepooza.

Mkazi wa Sinza
Dada asante sana. Hilo la kuinama sikioni limenikumbusha mmoja wetu pale, sasa hivi sijui yuko wapi.

Mchoma Nyama
Mimi natofautiana kidogo na mleta uzi. Baa ni jiko. Wahudumu wazuri sawa, lakini mtu akila nyama ngumu harudi.

Baa nzuri bucha iko pale pale, mbuzi ananing'inia unamwona. Unamwonyesha mwenye bucha, "nikatie hapa kwenye mbavu na paja kidogo," inapimwa kilo mbele ya macho yako, inakuja kwangu na chumvi na ndimu tu. Mkaa uwe umeshika wote, ndimi za moto zimekwisha, ndipo nyama inapanda. Mafuta yakidondoka moto ukalipuka, nasogeza nyama pembeni, sinyunyizi maji hovyo maana majivu yanaruka yanaganda kwenye nyama. Mteja akija kuuliza mara ya pili namkatia kipande cha pembeni aonje, anarudi kwenye kiti ametulia. Ikiiva naikata kwenye ubao, ndizi zangu zimeshabadilika rangi, kachumbari inakatwa muda huo huo.

Baa zilizopooza wanachoma saa kumi jioni wanaweka kwenye chombo, ukiagiza saa tatu wanairudisha motoni dakika tano. Utaijua tu: nje nyeusi, ndani kavu, na kachumbari imetoa maji.

Nguruwe Mwitu
Hujataja kitimoto mkuu. Baa bila kitimoto ni ukumbi wa mikutano.

Ustaadh wa Tandika
Badala ya kusifia ulevi mngekaa na familia zenu. Hela ya kilo ya nyama na bia sita ni ada ya mtoto.

Jogoo la Kimara
Ustaadh, kichwa cha uzi umekisoma, umeingia mwenyewe. Heshima yako, tuache.

Stoney Tangawizi
Mimi pombe sinywi kabisa na baa nakwenda. Jumapili asubuhi supu ya makongoro na chapati, jioni mechi. Baa nzuri kwangu ni ile ambayo nikiagiza soda mhudumu hakunji uso wala hanipeleki meza ya karibu na choo. Kuna moja Ubungo waliniambia wazi kwamba viti vya mbele ni vya wanywa bia. Sijarudi. Ya sasa, mwenye baa mwenyewe ananiita "mwenyekiti wa soda" na siku ya Simba na Yanga kiti changu hakikaliwi.

Ustaadh, karibu supu, nitalipa mimi.

Kisumu Lakeside
Wandugu wa Tanzania, salamu kutoka Kisumu. Huku kwetu baa ya mtaa ina wavu wa chuma pale kaunta. Unapitisha pesa, unapitishiwa Tusker, unaenda kukaa. Hakuna deni, hakuna kuhesabu chupa, hakuna kelele za bili. Na nawaambia ndizo baa zenye uhai zaidi, kwa sababu kila mtu amelipa na roho yake imetulia.

Mkazi wa Sinza
Ndugu wa Kisumu, wavu? Hiyo ni baa au mahabusu? Mimi nikikaa nataka nihudumiwe, nilipe nikiinuka. Kulipa kwanza maana yake hamuaminiani.

Kisumu Lakeside
Kuaminiana ndiyo kunaleta vita saa tano usiku, boss. Dada hapo juu amesema wateja wanatoroka na bili na yeye anakatwa mshahara. Kwa wavu yeye hakatwi kitu. Nani anamheshimu mhudumu zaidi, mimi au wewe?

Dada wa Kaunta (mstaafu)
Hapo ndugu wa Kenya kanishika. Kulipa kwanza kungeniokoa sana.

Jogoo la Kimara
Mkilipa kwanza, mnywaji anahesabu kila anaponyanyuka. Stori inakatika. Sikubali.

Kisumu Lakeside
Stori inakatwa na sheria. Ile ya pombe ya 2010, tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ilisema siku za kazi baa ifungue saa kumi na moja jioni, ifunge saa tano usiku. Watu wakajifunza kukutana mapema na kuongea yenye maana. Baa za mtaa ambazo wateja walikuwa wanajuana zilivumilia, zile za kupita tu zikakosa watu.

Mzee wa Ilala
Vijana, mnabishana wavu na makochi. Sisi tulifuata muziki wa dansi. Mlimani Park Orchestra ilianza 1978 na jina lake ni la baa ambamo ilikuwa inapiga. Baa ikazaa bendi, bendi ikabeba jina la baa. Bendi ya Msondo nayo ina historia tangu ilipoitwa NUTA Jazz mwaka 1964. Ulikuwa unakaa, gitaa linaongea, na jirani yako mnasikilizana. Sauti ilikuwa kubwa lakini ina nafasi ndani yake. Siku hizi spika linatetemesha bia mezani na wimbo haumaliziki, unakatwa katikati unawekwa mwingine.

Jogoo la Kimara
Shikamoo mzee. Na ndiyo maana mwaka 2022 NEMC, wale wa baraza la mazingira, walizifungia baa nyingi kwa kelele. Wenye baa wakalalamika biashara inakufa. Kumbe wangepunguza tu sauti wangeuza zaidi, mtu anayeongea anakunywa.

DJ wa Mtaa
Mnatuonea. Muziki ukiwa chini wateja vijana wanasema baa imekufa, wanahamia ya jirani. Bosi ananiangalia mimi. Kila umri una baa yake.

Mpwa wa Tabata
Nilikuwa nasoma tu, lakini hapa kwenye wahudumu wanaojua watu lazima niandike.

Mjomba wangu ana kisukari, anajichoma insulini. Anakunywa bia mbili, hazidi, miaka yote. Baa yake ya Tabata ilifungwa kwa matengenezo, akahamia kwa muda kwenye moja kubwa barabarani, ya mataa, mabaunsa mlangoni. Jioni moja kama saa tatu napigiwa simu na dereva bodaboda nisiyemjua, kaona namba yangu kwenye simu ya mjomba. "Mzee wako yuko nje ya baa, hali si nzuri, njoo upesi."

Nimefika namkuta amekaa chini, mgongo kwenye ukuta, miguu kwenye mtaro. Shati limelowa jasho utadhani kamwagiwa ndoo. Anatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki, ananiita jina la marehemu kaka yake. Baunsa kasimama hatua tatu, ananiambia, "Mchukue mzee wako, kalewa, kaangusha glasi ndani, tumemtoa." Namuuliza kanywa ngapi? Hajui. Mhudumu aliyemhudumia? Hajui, zamu imebadilika. Walimbeba wawili, wakamweka mtaroni, wakarudi mlangoni. Watu wanaingia na kutoka wanamruka.

Tukamweka kwenye bajaji katikati yetu, yule bodaboda kaacha pikipiki yake kwa wenzake tukaenda wote. Zahanati wakamtoboa kidole, mashine ikasoma 2.1. Nesi akapiga kelele "sukari imeshuka!", wakamwekea dripu ya glukosi. Baada ya muda kafumbua macho vizuri, ananiuliza kwa nini niko pale. Bia aliyokunywa ilikuwa moja. Alikuwa amejichoma sindano jioni na hajala, alisubiri nyama iliyochelewa.

Baa yake ya zamani ilipofunguliwa akarudi. Haikupita muda hali ikaanza tena. Safari hii dada wa kaunta kamwona anajipangusa jasho na glasi ya kwanza bado imejaa. Hakuuliza mtu. Kafungua Fanta kamnywesha taratibu, kamshikia glasi mwenyewe, kamtuma kijana wa jikoni alete chapati, ndipo akanipigia: "Njoo umchukue mjomba, hajalewa, sukari yake." Nimefika namkuta anakula chapati na kumlaumu mchezaji wa Yanga.

Mtu yule yule, ugonjwa ule ule. Tofauti ni kwamba huku walikuwa wanamjua ni nani na anakunywa ngapi. Nikipita pale kwenye mataa mpaka leo damu inachemka.

Nguruwe Mwitu
Daah. Pole sana mkuu. Huyo bodaboda Mungu amlipe.

Nesi wa Zamu
Pole Mpwa. Niwape hili, maana naona wengi wenu mna wazee wanaokunywa. Ini ndilo linaloachia sukari kwenye damu mtu asipokula. Pombe ikiingia, ini linashughulika na pombe, linasahau sukari. Ukiongeza insulini na tumbo tupu, inashuka haraka, na dalili zake zinafanana kabisa na ulevi: kuyumba, maneno kukwama, hasira, jasho. Kama bado anameza vizuri, mpe soda ya kawaida, ile isiyo na sukari haisaidii, au sukari kwenye maji. Subiri dakika kumi na tano, kisha chakula. Akizimia, msimwekee kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, hospitali.

Jogoo la Kimara
Asali je? Bibi yangu alikuwa anampaka babu kwenye fizi.

Nguruwe Mwitu
Maziwa ndiyo dawa. Maziwa ya moto.

Nesi wa Zamu
Maziwa yanachelewa. Asali kidogo kwenye fizi kwa kidole, watu wanafanya wakiwa mbali na hospitali, sigombani nao. Kummiminia soda mtu aliyezimia ni kumzamisha akiwa nchi kavu. Hilo nagombana.

Ustaadh wa Tandika
Mpwa, nimesoma yako yote. Mwenyezi Mungu amlinde mjomba. Bado nasema aache.

Mpwa wa Tabata
Amina Ustaadh. Tunamwambia kila siku.

Anti wa Makorongoni
Mimi niko Iringa, niwarudishe kwenye mada. Nimewasoma wote mnaongelea wanaume. Mwanamke akiingia baa peke yake anaulizwa "unamsubiri nani?" Baa nzuri hilo swali halipo. Na sheria yangu haibadiliki: kizibo kifunguliwe mbele yangu. Mhudumu akija na chupa imeshafunguliwa, hata awe ndugu yangu, inarudi kaunta. Kuwekewa mchele, yaani dawa ya kukulaza kwenye kinywaji, kupo, na siyo kwa wanaume tu. Mahali wanapokuletea chupa na opena mkononi bila kuambiwa, hapo kaeni.

Kuliko baa za makochi naenda kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Benchi la mbao, lita moja inazunguka, wazee wanakaa na vijana, na mama anayeuza anajua kila ukoo. Hakuna spika hata moja na kelele zake za vicheko zinasikika mpaka barabarani.

Kisumu Lakeside
Anti, huo ulanzi mgeni anauweza?

Anti wa Makorongoni
Njoo mvua zikiwa zimeshika, mwezi wa pili au wa tatu, ndipo mianzi inatoa vizuri. Anza na mtogwa, ni mtamu, umegemwa karibuni. Mkangafu usiuguse siku ya kwanza, umelala ukachachuka, unanyweka kama maji lakini kuinuka kwenye benchi ndiyo kazi. Na kule unalipa kwanza, bila wavu.