Naomba ushauri: lenzi ya harusi za ukumbini kwa Canon 250D

Wakuu, habari za leo. Natumia kamera ya Canon 250D na ile lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo. Kazi zangu nyingi ni send-off na harusi hapa Morogoro. Mchana sina shida. Usiku ukumbini ndiyo balaa: nikivuta hadi 55mm lenzi inaishia f/5.6 (tundu la kupitisha mwanga linakuwa dogo), napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka 6400 na sura ya bibi harusi inajaa chenga.

Wengi wananiambia nichukue 50mm f/1.8, ni ya bei nafuu na inameza mwanga vizuri. Sawa, ila kwenye kamera hii yenye sensa ndogo inakaa kama 80mm, yaani inabana picha. Ukoo mzima ukipanda jukwaani nirudi nyuma hadi wapi, jikoni? Ndiyo maana naitamani Sigma 17-50mm f/2.8 iliyotumika. Pale kwenye 50mm inaingiza mwanga kama mara nne ya hii niliyonayo. Aliyeitumia aniambie, fokasi yake haipotei kwenye taa za rangi za MC? Na nikinunua ya mkononi nikague nini zaidi ya fangasi ndani ya vioo?

Flashi pia inanisumbua. 250D haina ile pini ya katikati pale juu inapochomekwa flashi, kwa hiyo flashi nyingi za kampuni nyingine zinagoma kulipuka. Mnaotumia mwili huu mmefunga ipi?

Wanyama wa Mikumi nitawafuata baadaye na lenzi ya kuvuta mbali, 55-250mm, kwa sasa bajeti ni ya kitu kimoja tu.